PRD yangu ni 0.62% lakini daktari anasema wimbi P limepotea: kosa liko wapi?

Sampuli500

Wakuu, habari za jioni. Naomba macho ya watu wa mawimbi, na madaktari pia kama wapo.

Kifaa ni ADS1298 (chipu ya kupima umeme wa moyo) pamoja na ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), ECG (grafu ya umeme wa moyo) ya lidi 12, sampuli 500 kwa sekunde. Kazi yake ni kurekodi sekunde 10 kwenye kliniki ya wilayani na kumtumia daktari aliye mbali. Baadaye iongezwe Holta (kirekodi cha ECG cha kuvaa) ya saa 24. Wagonjwa wengi wa pale ni wa TB sugu walio kwenye bedaquiline (dawa inayorefusha QT), kwa hiyo kinachotazamwa kuliko vyote ni QT, yaani muda tangu QRS ianze hadi wimbi T liishe. Mtandao ni wa kubahatisha na bando inalipa kliniki, ndiyo maana nimebana data.

Njia niliyotumia: dirisha la sampuli 1024, weivuleti (hesabu inayogawa ishara kwa ngazi za masafa) ya db4 ngazi tano, kizingiti kimoja kwa ngazi zote (koefishenti iliyo chini yake inakuwa sifuri), kisha Huffman (misimbo mifupi kwa namba zinazojirudia sana). Kizingiti nakipandisha mpaka PRD (asilimia ya kosa la ishara iliyofunguliwa ukilinganisha na ya awali) ikaribie 1% ndipo nasimama. Kwenye MIT-BIH (hazina ya rekodi za ECG za majaribio) rekodi ya 100 napata uwiano wa 22 kwa 1 na PRD ya 0.62%, na makala nyingi zinasema chini ya 2% ni nzuri sana.

Sasa daktari ameletewa ECG zilizofunguliwa akazikataa. Anasema wimbi P (dogo, la atria) limelala, mkia wa T (wimbi la mwisho la pigo) umekatika, na kwenye lidi mbili kuna kijishimo kabla ya QRS (mruko mkubwa wa pigo) ambacho kwenye karatasi ya mashine ya kawaida hakipo. Namba zinasema safi, jicho linasema si safi. Nianzie wapi?

---

Kizio_cha_Mwisho

Mkuu, anzia kwenye fomula ya PRD, weivuleti iache kwanza.

Rekodi za MIT-BIH hazianzii sifuri. Zilibadilishwa kuwa namba kwa biti 11 juu ya upana wa milivolti 10, yaani vizio 200 kwa kila milivolti, na sifuri ya umeme ikawekwa kwenye 1024. Ukichukua namba ghafi ukagawa kosa kwa jumla ya miraba yake, kigawanyo chako kimejaa ile 1024, na moyo wenyewe umo humo kama chumvi kwenye bahari.

Piga hesabu hii kwa mkono. Tuseme wastani wa ishara ni 960, mtikisiko wake (RMS, yaani mzizi wa wastani wa miraba, baada ya kutoa wastani) ni vizio 40, yaani 0.2 mV, na kosa la kubana lina RMS ya vizio 6, yaani mikrovolti 30. Kwa namba ghafi, PRD ni 6 kugawa kwa 960.8, sawa na 0.62%. Ukitoa 1024 kwanza, kigawanyo kinashuka hadi 75.5 na PRD inakuwa 7.9%. Ukitoa wastani wenyewe, ambayo ndiyo inayoitwa PRDN, unagawa kwa 40 na kupata 15%. Kosa ni lilelile, faili ni lilelile, majibu matatu. Na wimbi P la kawaida lina kimo cha kama 0.1 mV, vizio 20. Kosa la 6 juu ya 20 ndilo daktari analoliona.

Ukitaka kuona jinsi namba hiyo inavyoweza kudanganya, futa ECG yote ubakize mstari mnyoofu kwenye 960. PRD ghafi inatoka 4.2%. Kwenye ngazi za ubora za Zigel na wenzake za mwaka 2000, ambazo kila mtu anazinakili, 0 hadi 2% ni nzuri sana na 2 hadi 9% ni nzuri. Kwa hesabu hiyo mgonjwa ambaye moyo umesimama amepata "nzuri".

Kwenye kifaa chako hali ni mbaya zaidi. Elektrodi yenyewe ina volteji yake ya kudumu, inaweza kufika milivolti mia kadhaa. Ikiwa ni 150 mV tu na ECG yako ni 0.2 mV, mstari mnyoofu utapata PRD ya 0.13%. Kizingiti chako kinachopanda "mpaka PRD ikaribie 1%" hakina cha kukizuia.

Mawili mengine kwenye ile 22 kwa 1. Kwanza, uligawa kwa biti ngapi? Ukisoma faili kwenye safu ya biti 16 ukaihesabu hiyo kuwa saizi ya awali, umejipa zawadi: kwa biti 11 halisi, 22 inashuka hadi 15. Pili, jedwali la Huffman na ramani ya nafasi za koefishenti zilizobaki umeziweka kwenye hesabu? Ramani hiyo mara nyingi ni nzito kuliko koefishenti zenyewe, na watu huisahau.

Halafu rekodi ya 100 peke yake haisemi kitu. Ina mapigo ya kawaida karibu yote na kelele ndogo.

---

DktZamuYaUsiku

Naongezea upande wa kitandani, maana mhandisi akiambiwa "P limelala" anadhani daktari analalamikia urembo.

Nguvu nyingi ya ECG iko kwenye QRS. Kipimo chochote kinachojumlisha miraba, PRD ikiwemo hata ukiirekebisha, kinalinda QRS na kuacha vilivyo vidogo vijitetee. Na karibu kila tunachokitafuta kiko kwenye vidogo.

Kwa wagonjwa wako, angalia mwisho wa T. Kwenye bedaquiline tunatumia QTcF, yaani QT kugawa kwa mzizi wa tatu wa RR (muda kati ya pigo na pigo) kwa sekunde. Mgonjwa ana mapigo 90 kwa dakika, RR ni 0.667, mzizi wake wa tatu ni 0.874. QT ikisomeka ms (milisekunde) 430, QTcF ni 492, dawa inaendelea kwa uangalizi wa karibu. Ikisomeka 440, QTcF ni 504, imevuka 500, na dawa inasimamishwa. Tofauti ni ms 10, sampuli tano kwenye kifaa chako. Mkia wa T unashuka polepole ukiingia kwenye mstari wa msingi kwa mikrovolti chache chache, na kizingiti chako kinakata hapohapo. Kikiukata mapema, QT inafupika, na mgonjwa aliyepaswa kusimamishiwa dawa anaendelea nayo. Wengi wao wanatumia pia moxifloxacin au clofazimine, ambazo nazo zinarefusha QT. Bedaquiline inakaa mwilini miezi baada ya kuiacha, kwa hiyo ukikosea leo hulirekebishi kesho.

Na msitumie Bazett (fomula ya mzizi wa pili) huko. Kwa mapigo 90 na QT ya 400, Fridericia (ndiyo F ya QTcF) inatoa 458, Bazett inatoa 490. Kliniki moja ikitumia hii na nyingine ile, mtabishana juu ya kubana data bure.

Vingine ninavyoviogopa, kwa haraka. Mpapatiko wa atria: kwenye V1 kuna vijiwimbi vidogo visivyo na mpangilio, ukivilainisha unabaki na mstari safi, na msomaji anaanza kujiuliza kama ni mapigo ya makutano (yanayoanzia kati ya atria na ventrikali). Huku kwetu ugonjwa wa moyo wa rumatiki bado upo, vali ya mitrali ikisinyaa atria ya kushoto inatanuka, na P yenye nundu mbili kwenye lidi II ni dalili inayokuja kabla ya mpapatiko wenyewe. Nundu hizo zinatofautiana kwa mikrovolti makumi tu. Atria flata inayopitisha pigo moja kati ya mawili: mapigo 150, wimbi moja la flata limejificha ndani ya T. Ukilainisha, inasomeka takikadia ya kawaida, na mgonjwa anaongezewa maji badala ya kutibiwa mdundo.

Kijishimo kabla ya QRS ndicho kibaya kuliko vyote. Q yenye upana wa ms 30 na kina cha mm 1, kwenye lidi mbili zinazopakana, inasomeka kuwa kovu la shambulio la moyo la zamani. Mgonjwa wako hana kovu, ana weivuleti.

---

Sampuli500

Aisee. Nimetoa wastani kwenye kila dirisha nikarudia hesabu: PRDN ni 14.8%. Nimeelewa.

Kijishimo kinatoka wapi hasa? Na je, nibadilishe weivuleti, au niweke kizingiti tofauti kwa kila ngazi?

---

Kizio_cha_Mwisho

Kinatoka kwenye ukataji wenyewe. QRS ni tukio la ghafla, linajengwa na koefishenti za ngazi nyingi zinazofutana pale kabla haijaanza. Ukiziondoa baadhi, zilizobaki hazifutani tena, na unapata mtikisiko kabla na baada ya QRS. Wa baada unafichwa na ST (kipande kati ya QRS na T), wa kabla unakaa kwenye mstari mtulivu wa PR na kuonekana kama Q.

Kwa Hz 500, ngazi zako ni hizi: D1 ni 125 hadi 250 Hz, D2 ni 62.5 hadi 125, D3 ni 31 hadi 62.5, D4 ni 15.6 hadi 31, D5 ni 7.8 hadi 15.6, na kinachobaki chini ya 7.8 ni A5. P na T wanaishi hasa A5 na D5. Ukitumia kizingiti kimoja kilichopimwa kwa QRS, hapo ndipo unapowaua. Ukilazimika kubaki na weivuleti, A5 na D5 usiziguse kwa kizingiti kabisa, zipunguzie tu usahihi kwa hatua ndogo. D1 na D2 ndizo za kukata. Tumia weivuleti linganifu kama 9/7 badala ya db4, ili kosa lisisogeze mawimbi upande mmoja, na kwenye kingo za dirisha tumia upanuzi wa kioo. Ukizungusha mwisho kuurudisha mwanzo, utapata mruko wa uongo kila baada ya sampuli 1024, na siku ikiangukia kwenye ST utaitiwa gari la wagonjwa.

---

Rice_na_Maharage

Ninyi wote mnamfundisha kukarabati paa wakati nyumba haihitajiki. Swali la kwanza lilikuwa: data ni kiasi gani?

ADS1298 ina chaneli 8. Lidi zako 12 zinatoka kwenye I, II, na V1 hadi V6. Nne zilizobaki ni hesabu tu: III ni II toa I, aVR ni jumla ya I na II gawa kwa 2, kinyume chake, aVL ni I toa nusu ya II, aVF ni II toa nusu ya I. Usizitume, zikokotolewe upande wa pili. Hapo umepunguza theluthi nzima bila kugusa kitu. Tena ni kipimo kizuri: chukua faili zako za sasa ukaone kama III bado ni sawa na II toa I. Kwa kuwa kila lidi imebanwa kivyake, haitakuwa sawa, na tofauti utakayoiona ni kosa lako lenyewe likiwa uchi.

Sekunde 10, chaneli 8, sampuli 500, baiti 2: ni baiti 80,000. Picha moja ya karatasi ya ECG kwa simu ni kubwa kuliko hiyo. Ukibana bila kupoteza hata biti moja unafika kati ya kilobaiti 25 na 40 kulingana na kelele. Kilobaiti 30 ni biti 240,000, na kwenye GPRS mbovu ya kilobiti 20 kwa sekunde ni sekunde 12. Mnakata mkia wa T ili kuokoa sekunde ngapi?

Utaratibu, kwa kila chaneli:

Kwanza kizio. Chipu inatoa biti 24, na kwa gini (ukuzaji) ya 6 na rejea ya 2.4 V biti ya mwisho ina thamani ya mikrovolti 0.048. Kelele ya chipu yenyewe kwa mpangilio huo ni kama mikrovolti 4 kilele hadi kilele. Kwa hiyo biti za chini ni kelele tupu, na kelele haibaniki. Gawa hadi mikrovolti 1 kwa kizio, ukizungusha kwa namba iliyo karibu, usikate tu. Umeokoa biti 4.4 kwa kila sampuli, na hakuna daktari duniani atakayezidai. Kabla ya hapo ondoa ile volteji ya elektrodi, maana biti 16 kwa mikrovolti 1 zinabeba ±32 mV tu. Iondoe kwa chujio la 0.05 Hz. Usitumie la 0.5 kwa sababu tu grafu inatulia haraka, kwani chujio la kawaida la 0.5 linapinda ST.

Pili tofauti. Chukua sampuli toa iliyotangulia. Unaweza pia kujaribu tofauti ya pili, yaani sampuli, toa mara mbili ya iliyotangulia, jumlisha ya kabla yake. Tofauti ya pili inafaa pale grafu ni safi. Kukiwa na kelele ya misuli inaharibu, kwa sababu kelele isiyo na mpangilio inaongezeka mara 6 kwa nguvu, wakati tofauti ya kwanza inaiongeza mara 2 tu. Acha programu ijaribu zote mbili kwa kila kipande cha sampuli 250 na kuchagua ndogo, biti moja ya alama inatosha.

Tatu usimbaji wa Rice, unaoandika namba ndogo kwa biti chache. Namba chanya izidishe kwa 2, hasi izidishe kwa −2 kisha toa 1, ili zote ziwe chanya. Mfano tofauti ni −5: inakuwa 9. Kwa k ya 2, gawa 9 kwa 4, unapata 2 na baki 1. Andika 2 kama "110", baki kama "01". Biti 5 badala ya 16. Chagua k kwa kila kipande kwa kujaribu 0 hadi 10, ESP32 inafanya hivyo ikiwa imelala. Huhitaji jedwali lolote la Huffman.

Nne mlango wa dharura. Elektrodi ikichomoka, tofauti moja inaweza kuwa maelfu, na Rice itaandika moja-moja mpaka asubuhi. Sehemu ya kwanza ikifika 24 au zaidi, andika moja 24 mfululizo kisha namba ghafi ya biti 17 (tofauti ya sampuli mbili za biti 16 inahitaji 17, hapa wengi wanajikata, kwa tofauti ya pili weka 18).

Tano kila kipande kisimame chenyewe: sampuli ya kwanza ghafi, namba ya mfuatano, CRC-16 (namba ya kukagua makosa). Vinginevyo biti moja ikipotea njiani, kila kitu baada yake ni takataka.

Jambo moja nje ya msimbo: umeme wetu ni 50 Hz, MIT-BIH ni ya Marekani, 60 Hz. Chujio la kuondoa mlio wa umeme lililonakiliwa kutoka mifano ya mtandaoni huwa liko kwenye 60. Mlio wa 50 ukibaki ndani, tofauti zinakuwa kubwa na faili linavimba. Ukiona faili kubwa ghafla, kagua elektrodi ya mguu wa kulia kabla ya kulaumu Rice.

---

Neuroni_Nyingi

Kwa nini msitumie otoenkoda (mtandao wa neva uliofunzwa kubana na kufungua ishara)? Kuna matokeo ya 32 kwa 1 na zaidi, PRDN ndogo kuliko weivuleti. Enkoda ndogo inaingia ESP32 vizuri.

---

DktZamuYaUsiku

Ndugu, kwa uchunguzi hapana. Mtandao uliofunzwa kwa watu wenye P unajua kwamba kabla ya QRS kuna P. Ukiubana sana, usichokuwa na biti za kukieleza unakijaza kwa mazoea. Mgonjwa wa mpapatiko wa atria anaweza kurudishiwa P nzuri kabisa ambayo hana. Weivuleti ikikosea inaharibu grafu na jicho linashtuka, kama daktari huyu alivyoshtuka. Otoenkoda ikikosea inatoa grafu nzuri, na hakuna atakayeshtuka.

Njia za kuondoa pigo la wastani na kutuma tofauti tu zina ugonjwa wa karibu na huo: pigo geni la ventrikali halifanani na wastani, kwa hiyo linahitaji biti nyingi kuliko yote. Ukiweka kiwango cha biti kisichobadilika, ubora unashuka kwenye pigo lile tu ambalo daktari analitaka.

---

Kizio_cha_Mwisho

Nakubaliana na Rice, ila kwa Holta hesabu inabadilika kidogo, na hata akibana bila kupoteza bado atahitaji kipimo cha kuthibitisha kwamba mnyororo mzima, kuanzia chujio hadi kuchora, hauharibu kitu.

Kipimo hicho kisiwe PRD. Mapendekezo ya AHA (Chama cha Moyo cha Marekani) ya 2007 yanataka ishara iliyobanwa ikifunguliwa isiachane na ya awali kwa zaidi ya mikrovolti 10 kwa sampuli yoyote. Hicho ni kikomo cha kosa kubwa kuliko yote. Wastani haumo. Anza na hicho. Kisha pima QT, PR, upana wa QRS na ST kwa programu ileile kabla na baada, utoe tofauti kwa kila rekodi. Usichapishe wastani wa tofauti peke yake. Angalia mbaya kuliko zote, na ufungue grafu yake uitazame.

MIT-BIH haifai kwa hilo. Rekodi 48 za nusu saa, watu 47, chaneli mbili, Hz 360, zilizochukuliwa Boston kati ya 1975 na 1979, zikapita kwenye chujio la 0.1 hadi 100 Hz. Alama zake zinasema pigo ni la aina gani, hazisemi T inaishia wapi. Ni nzuri kwa midundo: jaribu rekodi za mfululizo wa 200, ambazo zilichaguliwa makusudi kwa midundo adimu, na usiziruke 102, 104, 107 na 217 zenye pesimeka (kifaa cha kuchochea moyo) kwa sababu tu wengine wanaziruka. Kwa mipaka ya mawimbi tumia QT Database, rekodi 105 za dakika 15 kwa Hz 250, na LUDB, rekodi 200 za sekunde 10, lidi 12, Hz 500, ambayo ndiyo inayofanana na kifaa chako. Kwa ST kuna European ST-T, rekodi 90 za saa mbili. Zote ziko kwenye tovuti ya PhysioNet bure.

---

Sampuli500

Asanteni sana. Rice imenikaa, nitaacha kupoteza data kwenye ECG ya sekunde 10.

Yamebaki mawili. Holta: chaneli 3, Hz 250, baiti 2, nahesabu MB 129.6 kwa siku. Na la pili, mpaka kifaa kikamilike, kliniki inapiga picha karatasi na kuituma WhatsApp. Waache au waendelee?

---

Rice_na_Maharage

Holta: kwa kizio cha mikrovolti 5 na Rice, weka biti 5 kwa sampuli kama makadirio ya tahadhari. Sampuli milioni 64.8 mara 5 ni MB 40.5. Hizo usizitume zikiwa hai. Andika zote kwenye kadi ya SD, tuma kwa redio vipande vya dakika moja pale tu mgonjwa anapobonyeza kitufe au kigunduzi kinapoona jambo, na kadi isomwe kliniki anaporudi. Bando limeokoka bila kukata mkia wa mtu.

Kosa la Holta liko kwenye muda kuliko kwenye biti. Kipande kikipotea, usiunganishe kilichotangulia na kinachofuata: ukifanya hivyo, mgonjwa aliyesimama moyo sekunde tatu ataonekana hakusimama. Usijaze sifuri pia, maana hapo unamtengenezea msimamo wa moyo ambao hakuupata. Acha pengo, lichorwe kama pengo la kijivu lenye saa yake. Ndiyo kazi ya ile namba ya mfuatano. Na kristali yenye kosa la 20 kwa milioni inateleza sekunde 1.7 kwa siku, kwa hiyo weka muda wa saa kwenye kila kipande badala ya kuhesabu sampuli tangu asubuhi, la sivyo shajara ya dalili na grafu haziendani.

Mgonjwa mwenye pesimeka: mshtuko wake unaweza kuwa wa nusu milisekunde, sampuli zako ziko kila baada ya milisekunde 4. Utaukosa au utaunasa nusu. Usitegemee ishara, gundua mshtuko kwa sakiti (ADS1298 ina pini za PACE kwa ajili hiyo) na utume kama alama pembeni ya grafu.

---

DktZamuYaUsiku

Picha waendelee nazo kwa sasa, ila kwa mdundo na kwa ST iliyo wazi. QT ya kuamua bedaquiline isipimwe kwenye picha. Karatasi ya upana wa A4 ikipunguzwa hadi pikseli 1600 ina pikseli 5.4 kwa milimita, yaani pikseli moja ni ms 7 na kidogo, na JPEG inasambaza ukungu kuzunguka mstari. Nimeshaonyesha juu ms 10 zinafanya nini. Kwa wagonjwa wa bedaquiline, muuguzi apime QT kwa rula juu ya karatasi yenyewe, lidi II au V5, mapigo matatu, aandike QT na RR kwa kalamu pembeni, ndipo apige picha.

Karatasi ilazwe mezani, simu iwe juu yake sambamba, bila flashi kwa sababu karatasi ya joto inang'aa. Itumwe kama dokyumenti, siyo kama picha, ili isibanwe tena. Na ile alama ya mraba mwanzoni mwa mstari, ya mm 10 kwa milivolti, pamoja na maandishi ya 25 mm kwa sekunde, viwemo kwenye fremu. Vikikatwa nje, irudisheni muombe nyingine, maana mashine nyingi zina kitufe cha 50 na mtu akikigusa QT ya 400 inasomeka 800.